Saa za Kazi na Saa za Mtu

Mwezi huu tujifunze juu ya swali linalowagusa wanaoajiri na wanaoajiriwa: je, mwenye kazi ana haki ya kutawala maisha ya mfanyakazi baada ya saa za kazi?

Tutazame mfano. Januari 1914 Henry Ford, mwenye kiwanda cha motokaa karibu na Detroit, Marekani, alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla yake wengi walipata dola 2.34 kwa saa 9. Lakini nyongeza hiyo ilikuwa na masharti. Wakaguzi wa kampuni walikwenda majumbani wakiuliza: Unakunywa pombe? Unaweka akiba? Nyumba ni safi? Aliyeonekana hafai alinyimwa nyongeza, na asipojirekebisha katika miezi 6 aliweza kufukuzwa.

Mwaka 1915 kazi hiyo alikabidhiwa Samuel Marquis, kasisi wa Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wenzetu wa Marekani. Alikusudia kuzisaidia jamaa za wafanyakazi. Hata hivyo mpango haukudumu. Marquis aliondoka mwaka 1921, na Ford mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1922, alikubali kwamba kuchungulia mambo ya faragha ya wafanyakazi kumepitwa na wakati.

Tunajifunza nini? Kuacha ulevi ni kwema, na kuweka akiba ni kwema. Ubaya haukuwa katika shauri, bali katika mkono ulioshika mshahara. Shauri lililofungwa pamoja na chakula cha watoto si shauri tena, ni amri. Na mtu anayeogopa njaa hujifunza kuficha, hajifunzi kutubu.

Hatusemi kwamba mwenye kazi afumbe macho. Dereva akija asubuhi angali amelewa, ni haki kumzuia asishike usukani, kwa maana hapo kazi yenyewe imeguswa.

Sasa tujitazame. Wengi wetu tuna wasaidizi wa nyumbani. Kwa kuwa binti analala kwetu, twadhani kila saa yake ni yetu. Kumbukumbu la Torati 5:14 yaagiza watumwa wapumzike sawasawa na bwana wao. Nao Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, wasema msaidizi anayeishi kwa mwajiri asilazimishwe kubaki humo wakati wa mapumziko yake. Kumwonya binti kama mzazi ni vema. Kumfungia lango siku yake ya mapumziko, au kumtishia kwa mshahara, si vema.

Maswali ya kuzungumza:
1. Msaidizi wa nyumbani kwako ana siku gani iliyo yake kweli?
2. Ni mambo gani ya nje yanayodhuru kazi, na ni yapi ambayo hayatupendezi tu?
3. Tutawezaje kumshauri mtu bila kumtia hofu ya kukosa riziki?