Dondoo muhimu: Joto, unyevu na rangi ya kachri za muhogo

Kipimajoto cha mafuta huhakikiwa kwanza kwa maji yanayochemka. Tononoka, katika kisiwa cha Mombasa, iko karibu na usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi; Nairobi, iliyo juu zaidi, ni takriban 94. Kifaa kinachosoma 96 hapa Mombasa kina kasoro, na mafuta yanayodhaniwa kuwa nyuzi 170 huenda ni moto zaidi. Kosa hili linaweza kuunguza kachri.

Unyevu hupimwa kwa mizani na joko. Gramu 5 za kachri zilizopondwa hukaushwa kwenye nyuzi 105 hadi uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 4.85, unyevu ulikuwa asilimia 3. Hewa ya kisiwani ni nzito kwa unyevunyevu, kwa hiyo sampuli isiachwe wazi, na kachri zifungwe mara zinapopoa.

Rangi husomwa kwa kifaa maalumu: L ni weupe, kuanzia 0 hadi 100, b ni umanjano na a ni wekundu. Pasipo kifaa, kipande cha mfano na taa ileile hutosha. Kachri zilizogeuka kahawia hutengwa kabla ya kufungwa.