Ukurasa wa Mwongozo Usio na Mfano

Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell, Marekani, walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo wa Unix. Desturi waliyoianza ingalipo: katika Linux, mtumiaji huandika man na jina la amri, na maelezo ya amri hiyo humfungukia papo hapo.

Tuchukue shule ya sekondari mjini Masasi, yenye kompyuta ya Linux inayoendeshwa kwa kuandika amri tu. Mwalimu ataka kuiunganisha na mtandao wa shule usio na waya. Aliyekwama katika jambo jingine lolote huuliza intaneti. Hapa intaneti yenyewe ndiyo inayotafutwa. Mwenye simu yenye kifurushi aweza kuchungulia huko. Asiye nacho hubakiwa na ukurasa wa mwongozo peke yake.

Ukurasa wa amri iw ni mfupi, nao humwelekeza msomaji kwenye iw help. Huko hukuta neno connect, likifuatwa na nafasi za jina la mtandao, masafa, anwani na ufunguo. Mwanafunzi aonapo ufunguo hudhani ndipo pa kuandika nywila. Huandika, na mashine humkatalia. Ufunguo huo ni wa WEP, ulinzi wa kale ambao udhaifu wake ulidhihirishwa mwaka 2001. Mitandao yenye ulinzi wa WPA2, uliotoka mwaka 2004, huhitaji programu nyingine. Mistari hii minne, ikiandikwa na msimamizi wa mashine, ingalimwondolea taabu:

ip link set wlan0 up
wpa_passphrase MAABARA > maabara.conf
wpa_supplicant -B -i wlan0 -c maabara.conf
dhcpcd wlan0

Wa kwanza huamsha kadi ya redio, ambayo hapa inaitwa wlan0. Wa pili hutengeneza ufunguo. Wa tatu huingia mtandaoni. Wa nne huomba anwani.

Hata hivyo amri tupu hazitoshi. Baada ya mstari wa pili mashine hukaa kimya, na wengi hudhani imekufa. La! Inangoja nywila ya herufi 8 hadi 63, lakini ujumbe wa kusema hivyo umeelekezwa ndani ya faili pamoja na matokeo mengine. Mfano mzuri hulitaja jambo hilo. Hutaja pia kwamba nywila huchanganywa na jina la mtandao kwa mizunguko 4096. Kwa hiyo shule ikibadili jina la mtandao, ufunguo wa zamani haufai tena, ijapokuwa nywila ni ile ile. Na faili huihifadhi nywila waziwazi katika mstari unaoanza na alama ya #, mstari ambao ni busara kuufuta.

Vivyo hivyo kwa majibu ya mashine. Amri iw dev wlan0 scan huonyesha nguvu ya mawimbi, tuseme -48 dBm karibu na ofisi na -88 kwenye maabara. Kila tarakimu ikishuka kwa 10, nguvu hupungua mara kumi. Tofauti ya 40 ni mara 10,000. Masasi ni mji wa milima ya mawe, na jabali moja katikati laweza kuleta tofauti hiyo. Msomaji asiyeonyeshwa jibu la kawaida atailaumu nywila bure.

Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba kompyuta yaweza kusema Kiswahili. Wanafunzi nao waweza kuandika mfano kama huu kwa Kiswahili na kuuhifadhi ndani ya mashine ya shule.

Zoezi: Andika mfano wa kuunganisha kompyuta ya shule yako, kisha mpe mwenzako asiyepata kuifanya kazi hiyo. Usimsaidie kwa neno lolote. Andika mahali anaposita, na kila anaposita ongeza mstari mmoja.