Dondoo muhimu: Umelenga jicho, imetoka hereni
Picha za sendofu Buguruni jicho lina ukungu, hereni kali? Usikimbilie kuiuza lenzi Kariakoo. Funga kamera kwenye stendi, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, lenga gazeti lililobandikwa ukutani. Umbali: mara 50 ya urefu wa fokasi wa lenzi, yaani mita 2.5 kwa milimita 50. Piga ukichungulia kitunduni, kisha ukitumia skrini ya nyuma. Kila mara vuruga fokasi kwanza. Skrini ikitoa picha kali zaidi, ingia kwenye menyu ya kurekebisha fokasi. Canon 5D Mark III na Nikon D750 zina hatua 20 kila upande: fokasi ikiangukia mbele, ongeza, ikipita nyuma, punguza. Kamera zisizo na kioo ndani kwa kawaida hazihitaji usumbufu huu.