Dawa ya Usiku, Kiasi cha Punje ya Mbaazi

Binti ametoka duka la dawa na tyubu ndogo ya tretinoini. Chunusi zimemsumbua tangu kidato cha pili, subira imemwishia. Usiku wa kwanza anajipaka uso mzima kama anavyojipaka losheni. Wa pili anaongeza. Siku ya nne ngozi ya pembeni mwa pua inabanduka kama ganda la kitunguu, na maji yakigusa tu, panachoma. Tyubu inatupwa. Wiki chache baadaye, pale palipobabuka pamebaki madoa meusi yatakayochukua miezi kufifia.

Dawa haikuwa mbovu, ila alijipaka kupita kiasi.

Tretinoini, adapaleni na retinoli ni ukoo mmoja uitwao retinoidi, na wote wana asili ya vitamini A. Huifanya ngozi ijivue seli zilizochakaa upesi zaidi, ili vinyweleo visizibwe na mafuta na uchafu. Marekani iliruhusu tretinoini kutibu chunusi mwaka 1971. Baadaye watumiaji wa umri mkubwa wakaona hata mikunjo ya uso inapungua. Retinoli ya kwenye vipodozi ni hafifu zaidi, kwa kuwa ngozi hulazimika kuigeuza kwanza ndipo ifanye kazi.

Nawa uso usiku kwa sabuni laini, ukauke kabisa, kama dakika ishirini hivi. Kamua dawa ya ukubwa wa punje ya mbaazi. Hiyo inatosha uso mzima! Iguse kwenye paji, mashavu na kidevu, kisha isambaze, ukikwepa macho, midomo na pembe za pua. Anza usiku mbili au tatu kwa wiki. Ukikauka sana, paka kwanza mafuta yako ya kawaida, dawa ifuate. Asubuhi jikinge na jua: krimu ya kinga ya SPF 30 au zaidi, na kofia au mtandio.

Wiki za mwanzo chunusi huweza kuzidi. Usikate tamaa, nafuu huonekana baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Lakini ngozi ikivimba au ikitoa malengelenge, acha na umwone daktari. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu kirahisi, basi sikiliza muwasho na mchomo kuliko kioo.

Usiichanganye dawa hii na mkorogo wa kujichubua. Tretinoini huchanganywa pia na haidrokwinoni na steroidi kutibu madoa, kwa muda maalumu na chini ya macho ya daktari. Kikopo kisicho na lebo kinachouzwa sokoni kwa ahadi ya weupe ni jambo jingine kabisa. Humo huweza kuwamo hata zebaki.

La mwisho linawahusu akina mama. Vidonge vya isotretinoini, wanavyopewa wenye chunusi sugu, huharibu ubongo, moyo na masikio ya mtoto aliye tumboni. Anayevitumia lazima azuie mimba, na aendelee kuizuia mwezi mzima baada ya kuviacha. Krimu nazo, mjamzito na anayetafuta mimba waziweke kando. Kama umekwisha kujipaka kabla ya kujua una mimba, acha leo, na ukienda kliniki nenda na tyubu yenyewe mkononi.