Dondoo Muhimu: Ubao wa Tanga, kwa Washukao Pwani kutoka Kifungilo

Aliyezoea ukungu wa Usambara, akiazimu kushuka kwa njia ya Mombo hadi baharini kuteleza kwa ubao wenye tanga, na azingatie haya:

1. Anza na ubao mpana ueleao vyema na tanga dogo. Tamaa ya tanga kubwa ndiyo iwaponzayo wengi.
2. Ukiinua tanga, upepo uwe mgongoni, magoti yakunje, kiuno usikitaabishe.
3. Upepo wa kusi ukizidi, badili tanga kwanza. Ubao mwembamba ungoje uhodari.
4. Umande wa alfajiri usikuhadae kwa upole wake, kwani watoka bara, nao hukusukuma kilindini.
5. Ukifika Paje, Unguja, vaa viatu: maji yakipwa, hasa siku za bamvua, pezi la ubao hugota matumbawe.
6. Mlingoti ukivunjika, ubao usiuache abadani.