Jina la Mmea na Dawa ya Kupe: Pareto, Mwarobaini na Utupa Katika Bonde la Ufa

Mfugaji wa Njoro au Molo anapozungumzia dawa ya kupe, neno dawa hubeba mambo mawili yanayokinzana. Dawa humponya mgonjwa. Dawa ya panya humwua panya. Kwa kupe, maana zote mbili hukutana juu ya ngozi ya ng'ombe mmoja. Hapo ndipo mshauri wa mifugo, aliyeisomea taaluma yake kwa Kiingereza, anapohitaji Kiswahili cha uangalifu.

Kupe wa kahawia, ambaye hupenda kujibanza sikioni, hueneza ndigana kali, maradhi yanayowaangamiza hasa ng'ombe wa gredi. Tangu majosho mengi ya umma yalipodorora, wafugaji wadogo hujinyunyizia dawa za viwandani nyumbani. Kwa kuwa dawa hizo ni ghali, wengine huigeukia mimea.

Pareto ndiyo iliyozoeleka zaidi Nakuru. Ilianza kulimwa nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na mji huo ukaja kuwa makao ya Bodi ya Pareto. Sumu iliyo katika maua yake humwangusha mdudu upesi, ila huharibika juani. Jina hili la mkopo halimdokezei mtumiaji lolote kati ya hayo.

Mwarobaini, kinyume chake, ni jina linaloahidi kupita kiasi: tiba ya maradhi arobaini! Mafuta ya mbegu zake humpunguzia kupe hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wake, lakini taratibu. Mfugaji aliyeahidiwa arobaini ataona kesho yake kwamba amedanganywa. Isitoshe, mti wenyewe hustawi katika joto la pwani kuliko baridi ya Molo.

Utupa ndio unaostahili kuangaliwa zaidi. Majani yake hupondwa, hulowekwa na kuchujwa, kisha maji hayo hupakwa ng'ombe, hasa masikioni na chini ya mkia. Mmea huu hupandwa pia kufukuza fuko shambani, na anayeujua kwa kazi hiyo tu huuita dawa ya fuko. Hata hivyo, katika Kiswahili utupa ni mmea wa kulevya samaki, na maana hiyo si pambo la kamusi. Rotenoni, sumu ile ile inayomdhuru kupe, ni hatari kubwa kwa samaki. Anayemwaga masalio yake katika Mto Malewa huyaelekeza Ziwa Naivasha, wanakotegemea wavuvi. Karatasi ya ushauri inayosema "dawa ya fuko" hutaja kazi na kuficha hatari. Ikiandika "utupa, mmea wa kulevya samaki", onyo limeanza kutolewa katika jina lenyewe.

Vipimo navyo vina utata. Nguvu ya majani hutofautiana, na konzi ya mtu mmoja si konzi ya mwingine. Gorogoro, mkebe wa kupimia mahindi sokoni, unafahamika na wote. Lakini gorogoro la majani yaliyoshindiliwa halilingani na la majani yaliyotiwa tu. Mfasiri asiliache neno hilo moja, "yaliyoshindiliwa", likapotea njiani.