Asubuhi ya Chanjo Usifungue Banda: Kijitabu kwa Mfugaji wa Kuku wa Kienyeji

Malalamiko yaliyotufikia yanafanana: wachanjaji walikuja, wakaondoka, kisha kideri (wengine mwaita mdondo) kikafagia kuku. Tumefuatilia. Mara nyingi mchanjaji alifika alfajiri kama alivyoahidi, akakuta kuku wako juu ya mwembe. Walioshuka walikimbizwa uani mpaka watoto wakachoka, wakashikwa wanne. Kuku ambaye hakushikwa hakuchanjwa, hata kama mwenyewe ameandikwa daftarini.

Kuanzia msimu ujao mchanjaji wetu hakimbizi kuku. Akiwakuta mtini, anapita nyumba ya pili.

Kuku hulala juu kwa asili; hata mababu zake wa porini huko Asia walipanda matawini kukwepa wanyama. Banda lenye sakafu tupu kwake si malazi. Mtengenezee kichanja cha fito nene kama mpini wa jembe, zilizomenywa magamba, maana humo ndimo utitiri hujificha mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Kila kuku mkubwa apate sentimita 20, fito ziachane sentimita 30, na kimo kisipite mita moja. Viota viwe chini ya kimo hicho, la sivyo watalala humo na kuchafua mayai. Chombo cha maji kisikae chini ya fito. Tumeyaona hayo, tena si mara moja.

Kuku mwoga hazoeshwi kwa mbio. Kila jioni mtu yuleyule atikise kopo la mtama, amwage mlangoni mwa banda, kesho yake ndani. Akae chini, atulie, wale karibu na miguu yake. Waliokwisha zoea mti wafungiwe bandani wiki nzima, wakiwa na chakula na maji, kisha wafunguliwe jioni tu, saa moja kabla ya giza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wazee. Kamba hiyo iacheni kwenye methali. Inakata ngozi, na aliyefungwa hawezi kumkimbia kicheche.

Mkaidi mfuate usiku, kwa kuwa gizani haoni vizuri. Bana mabawa yote mawili, mweke kwenye fito. Rudia kesho. Na kesho kutwa. Vijiji vilivyotusikiliza havitulalamikii tena, na hatuoni haya kulisema.

Tunarudia: asubuhi ya chanjo usifungue banda. Usifungue hata kidogo. Chanjo ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi 3, na haimtibu kuku aliyekwisha kuugua. Anayezubaa au kuharisha kijani mtenge, umtaje kabla mchanjaji hajagusa wengine.

Huduma ni kwa kaya zilizoandikishwa kwa mtendaji wa kijiji. Masharti mengine yamebandikwa ofisini kwake.

Mchanjaji atapiga hodi saa 11 alfajiri. Akute mlango wa banda bado umefungwa.